Shamba Lisikae Bila Mzizi

Chukua jembe uende kwenye sehemu ya shamba ambayo haijaguswa kwa miaka kadhaa: mpakani, chini ya mti, pembeni mwa ua. Chimba bonge la udongo la ukubwa wa yai. Chimba jingine katikati ya shamba, pale unapolima kila msimu. Yaanike yote mawili kivulini mpaka yakauke kabisa. Kisha weka glasi mbili za maji mezani, tumbukiza bonge moja katika kila glasi, polepole, na usikoroge.

Subiri dakika tano. Mara nyingi bonge la mpakani litabaki zima na maji yatakuwa masafi. La katikati litasambaratika na kukuachia tope chini ya glasi. Udongo ni wa aina moja na mvua inayounyeshea ni ileile. Kilichopungua katikati ni nyuzi za fangasi, gundi ya bakteria na vijizizi vinavyoshikanisha chembe za udongo. Mvua ya kwanza ya masika ikipiga udongo wa hivyo, inaondoka nao.

Hilo linarekebishika, na sehemu kubwa ya kazi haikugharimu pesa. Inakudai tu uache mazoea mawili matatu.

Nani yuko huko chini

Fangasi wanaokuhusu zaidi ni wale wa mikoriza. Ushirika wao na mizizi ulipewa jina hilo mwaka 1885 na Mjerumani Albert Bernhard Frank, mtaalamu wa mimea. Katika mazao mengi ya shambani fangasi hawa huingia ndani ya mzizi, hukaa humo bila kuudhuru, kisha hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazosambaa ardhini sentimita kadhaa kutoka kwenye mzizi.

Mzizi ni lori, uzi wa fangasi ni bodaboda: unaingia uchochoroni ambako lori halipiti. Mzigo mkubwa unaoletwa ni fosforasi, na zinki pia. Fosforasi haitembei ardhini. Kwenye udongo mwekundu inashikwa na chuma na alumini. Mzizi ukishamaliza iliyo milimita moja au mbili kando yake, umekwama. Fangasi ndiye anayeendelea mbele. Malipo yake ni chakula kutoka kwa mmea, kati ya asilimia 4 na 20 ya kile kinachotengenezwa na majani.

Sasa shika jambo hili, maana ushauri karibu wote unaofuata unatoka hapa: fangasi huyu hawezi kujilisha. Bila mzizi ulio hai, hakui na hazai. Spora zake husubiri ardhini kwa muda, lakini kadiri shamba linavyokaa tupu ndivyo zinavyopungua.

Panda kitu cha kuvuka kiangazi

Wengi tunaamini shamba tupu linapumzika. Wakulima wa Queensland, Australia, waliamini hivyo pia. Waliacha mashamba bila mmea wowote kwa muda mrefu ili yahifadhi maji, kisha wakaona mazao yaliyofuata yamedumaa, yana dalili za kukosa fosforasi na zinki, ingawa udongo ulikuwa umepumzishwa. Chanzo kilipotafutwa ikaonekana kwamba fangasi wa mikoriza walikuwa wamepungua sana kwa kukosa mizizi ya kuishi.

Kwa mkulima wa mahindi, jibu rahisi ni mbaazi. Zipande siku moja na mahindi, katikati ya mistari. Mwanzoni mbaazi hukua taratibu, kwa hiyo hazigombanii mwanga. Mahindi yakishavunwa, zenyewe ndiyo kwanza zinachangamka, na mizizi yake inakaa hai miezi mingine kadhaa ya kiangazi. Wakulima wa Babati na Karatu wanazijua kwa soko lake. Wewe zipende pia kwa kazi ya chini: mizizi yake hutoa asidi inayofungua fosforasi iliyoshikana na chuma.

Chagua aina ndefu za mbaazi, zinazochelewa kukomaa. Za muda mfupi hukauka mapema na kukuacha na shamba tupu lilelile.

Kama mbaazi hazikufai, jaribu fiwi au mukuna. Au marejea, iliyotangazwa sana kutoka Peramiho, Songea. Magharibi mwa Kenya majani ya jamii hiyo huliwa kama mboga ya mitoo, kwa hiyo unaweza kulisha udongo na sufuria kwa mbegu moja. Katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, wazee walikuwa wakipanda marejea ndani ya uwele na kuyafukia kuwa mbolea, muda mrefu kabla ya maafisa ugani kufika.

Tatizo unalijua: mbuzi wa jirani. Mavuno yakiisha, mashamba mengi yanageuka malisho ya wote. Zungumzeni kabla ya mavuno, mkubaliane sehemu ya kuchungia. Mkishindwana, anza na kipande kilicho karibu na nyumba, unachoweza kukilinda.

Hata magugu yana nafasi yake. Kama huna mbegu ya kufunikia ardhi, acha nyasi fupi zikae kiangazi chote, uzifyeke kabla hazijatoa mbegu. Shamba lililosafishwa mpaka linang'aa linapendeza machoni, basi.

Jua mazao yasiyoshirikiana

Si kila mmea unawapokea fangasi hawa. Kabichi, sukuma wiki, figili na ndugu zao hawawapokei kabisa. Spinachi na bitiruti vilevile. Mchicha nao huwapokea kidogo mno au hauwapokei.

Walio wategemezi sana ni mhogo na vitunguu. Kitunguu kina mizizi michache, mifupi, isiyo na vinyweleo vya maana. Mhogo nao una mizizi michache minene, na ndiyo maana unaweza kuishi kwenye udongo uliochoka: fangasi wanaubeba. Mahindi, mtama, pilipili, nyanya, viazi vitamu, migomba, mipapai, michungwa na kahawa vyote hunufaika.

Kwa hiyo panga zamu. Ukitoka kuvuna kabichi usirukie vitunguu. Weka mahindi au kunde katikati, fangasi wazaliane kwanza. Na kama bustani yako ni ya sukuma wiki mwaka mzima, chomeka mistari ya vitunguu majani au kunde humo humo, wapate pa kukaa.

Punguza jembe

Kila unapokatua shamba lote, unazikata zile nyuzi. Fangasi hawafi wote, lakini mche mpya unakuta mtandao umevunjika na unaanza upya wakati mvua inahesabika.

Lima pale tu unapopanda. Chimba mashimo ya kupandia, au chana mistari kwa jembe la kuchana linalovutwa na ng'ombe, na uache nafasi za katikati zitulie. Msimu unaofuata rudi kwenye mashimo yaleyale. Kazi ya kuchimba inapungua mwaka wa pili.

Nikuambie ukweli, palizi ya mwaka wa kwanza itakuwa nzito. Ukipunguza jembe bila kufunika ardhi, magugu yatakushinda na utarudi kulima kwa hasira. Matandazo na kupunguza kulima huenda pamoja, usichukue kimoja ukaacha kingine.

Usichome, tandaza

Mabua ya mahindi, majani ya migomba, nyasi za kufyeka, maganda ya kunde: vyote ni chakula cha viumbe wa ardhini. Ukichoma, unabaki na majivu kidogo, na naitrojeni imeondoka na moshi. Vilaze kati ya mistari. Wamatengo wa Mbinga hufyeka nyasi, huzilaza zikatengeneza miraba, kisha huzifukia kwa udongo wanaochimba katikati. Hizo ndizo ngoro, na zimeshikilia mashamba kwenye miteremko mikali kwa zaidi ya miaka 100.

Ukiinua matandazo ukakuta nyuzi nyeupe, usikimbilie dawa. Hao ni fangasi waozeshaji, si ugonjwa wa mmea wako. Wanavunja mabua na kuachia virutubisho. Rudisha matandazo uendelee na shughuli zako.

Jongoo naye mwache. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, mahali pakavu pasipo hata kijiko cha udongo. Alijaribu aina 26 za miti na 3 tu zikasimama, mvinje ukiwemo. Mvinje una bakteria wanaoitwa Frankia kwenye mizizi, wanaovuta naitrojeni hewani. Lakini majani yake yalianguka yakarundikana, hayaozi. Wakaletwa jongoo. Wakayala, bakteria wakamalizia kwenye kinyesi chao, na udongo ukaanza kujengeka juu ya mwamba. Leo pale ni msitu, Haller Park, na watu hulipa kiingilio. Jongoo anayekatiza shambani kwako wakati wa mvua anafanya kazi hiyohiyo, na hadai mshahara.

Kama unataka kitu cha kuoza haraka, kata alizeti pori, ile ya maua ya njano inayojiotea barabarani. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya ulionyesha majani yake yana naitrojeni na fosforasi nyingi kuliko majani ya mimea mingi. Ikate kabla haijatoa maua, ikatekate, ifukie kidogo wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Vaa shati la mikono mirefu, na usikate kwenye ua wa mtu bila ruhusa.

Mbolea: kizibo, si kopo

Mmea ukishiba fosforasi kutoka kwenye mfuko, unapunguza chakula cha fangasi. Hiyo haimaanishi uache mbolea. Udongo wetu mwingi una njaa, na fangasi hawawezi kuleta kisichokuwepo. Cha kufanya ni kupima.

Tumia kizibo cha soda. Kizibo kimoja hubeba takriban gramu 5 za DAP. Weka kimoja kwa kila shimo la mahindi, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Ongeza kiganja cha samadi iliyoiva au mboji. Mbolea ya dukani inauanzisha mche, viumbe wanauendeleza.

Kama udongo wako ni mchachu, fikiria mbolea ya Minjingu, inayotokana na miamba ya fosfeti ya Manyara. Huachia fosforasi taratibu, na uchachu huisaidia kuyeyuka. Kwenye udongo wa magadi au chokaa haitakusaidia sana. Kabla ya kununua chochote kwa wingi, peleka udongo ukapimwe: TARI Mlingano kule Tanga au SUA Morogoro kwa Tanzania, KALRO Kabete kwa Kenya. Uliza hasa kipimo cha pH. Ikiwa chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo kwanza, maana mikunde mingi haifanyi kazi vizuri kwenye uchachu huo.

Samadi mbichi usiiweke shimoni. Inaunguza mizizi na inaleta mbegu za magugu. Ikae mpaka isiwe na harufu kali na isitoe joto. Mboji ipime kwa mkono: ikamue, ishikane, na maji yasichuruzike.

Dawa za ukungu nazo tumia panapo ugonjwa. Kupiga kila wiki kwa desturi kunapunguza na wale unaowahitaji, hasa dawa zinazomwagwa kwenye udongo.

Paka mbegu za soya

Hapa kuna kitu cha kununua ambacho kinalipa. Mikunde ina bakteria wake, rizobia, wanaojenga vinundu kwenye mizizi na kugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula. Kunde, choroko na njugu kwa kawaida huwakuta ardhini. Aina nyingi za soya zinachagua: zinataka rizobia wa kwao, ambao mashamba mengi ya huku hayana. Kenya kuna pakiti za rizobia ziitwazo Biofix, ufundi wake ukiwa umetoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Uliza duka la pembejeo au afisa ugani wako kilichopo mwaka huu.

Fanya hivi. Nunua karibu na siku ya kupanda, angalia tarehe ya mwisho, weka pakiti mahali pa baridi na giza. Siku ya kupanda, asubuhi mapema au jioni, mimina mbegu kwenye beseni chini ya kivuli. Nyunyizia gundi iliyokuja na pakiti, au maji ya sukari kidogo, kiasi cha kulowesha ngozi ya mbegu tu. Mwaga unga wa bakteria kwa kipimo cha pakiti. Geuza taratibu mpaka kila mbegu iwe nyeusi. Usisugue, ngozi ya soya ni laini.

Panda siku hiyohiyo na ufukie papo hapo. Jua huwaua bakteria hawa haraka. Mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu usiichanganye nao, na usiache mbegu iguse mbolea ya chumvi shimoni. Urea usiitie kabisa: soya ikipata naitrojeni ya bure haitajenga vinundu.

Maua yakianza, kagua. Chimba mmea kwa jembe, usiung'oe kwa mkono, vinundu vitabaki ardhini. Osha mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inaendelea. Kikiwa kijani au kijivu, hakifanyi kitu. Ukikosa vinundu kabisa, ama pakiti ilikuwa imekufa, ama udongo ni mchachu mno.

Zalisha fangasi wako mwenyewe

Rizobia wanakuzwa kiwandani bila mmea, ndiyo maana bei yake inavumilika. Fangasi wa mikoriza wanaoingia kwenye mazao hawakuzwi kirahisi hivyo, wanataka mzizi. Lakini mzizi wewe unao. Huko Pennsylvania, Marekani, Rodale Institute na watafiti wa wizara ya kilimo waliwafundisha wakulima kuwazalisha kwenye mifuko kwa kutumia nyasi. Njia hiyo inafaa huku, tena sisi hatuna baridi ya kutukatisha.

Tafuta udongo wa kuanzia kwenye kichaka au nyasi za asili, mahali ambapo hapajalimwa na mimea yake ina afya. Ondoa majani ya juu, chimba kina cha sentimita 5 hadi 20, uchukue udongo pamoja na vijizizi vyembamba. Ndoo moja inatosha. Usichukue chini ya migomba, nyanya wala viazi: unaweza kujiletea mnyauko na minyoo fundo.

Changanya sehemu moja ya udongo huo na sehemu tatu za mchanga wa mto uliooshwa, ongeza kiasi kidogo cha mboji iliyoiva. Mboji isizidi. Udongo ukinenepa, mmea hauwahitaji fangasi. Jaza kwenye viroba vilivyotobolewa chini, viweke juu ya mawe au mbao ili visiguse ardhi.

Panda mtama, na katikati yake kunde au vitunguu vichache. Mchanganyiko huvuta aina nyingi za fangasi. Kama unakusudia kuwatumia kwenye nyanya, humo usipande nyanya, pilipili wala biringanya, ili usizalishe magonjwa yake. Mwagilia kwa kiasi. DAP isikaribie viroba hivi.

Acha miezi mitatu hadi minne. Kisha acha kumwagilia kwa siku kumi hadi kumi na nne. Mimea ikianza kufa, fangasi hutengeneza spora kwa wingi. Kata mashina, mwaga kiroba kwenye turubai kivulini, katakata mizizi vipande vya sentimita moja, uchanganye na udongo wake. Mimea yenye mizizi iliyovimba mafundo tupa pamoja na udongo wake, mbali na shamba, hiyo ni minyoo. Kilichobaki hifadhi kwenye mfuko mkavu, mahali penye ubaridi, na ukitumie msimu unaofuata. Kikikaa sana nguvu inapungua.

Kutumia ni rahisi: lazima kiguse mzizi. Kumwaga juu ya shamba ni kupoteza. Kwenye kitalu changanya sehemu moja kwa tisa za udongo wa kitalu. Kwenye shimo la mche weka kiganja kimoja, mche ukae juu yake.

Kitalu ndipo faida kubwa ilipo. Ukichoma mabua juu ya kitalu kuua wadudu, umeua na hawa, kwa hiyo warudishe baada ya udongo kupoa. Miche ya migomba ya maabara inawahitaji zaidi ya yote: imezaliwa kwenye chupa safi isiyo na kiumbe hata kimoja. Ipe fangasi inapohamishiwa kwenye mifuko, kabla ya kufika shambani.

Anayepanda misonobari, kama nyinyi wa Mufindi na Njombe, mahitaji yake ni tofauti. Msonobari unatumia fangasi wa aina nyingine, wale wanaofunika mzizi kwa nje na kutoa uyoga. Miche ya misonobari ilipoletwa sehemu nyingi za Afrika ilidumaa na kuwa ya njano, mpaka ulipoletwa udongo wa chini ya misonobari iliyokomaa. Fanya hivyohivyo: changanya kidogo ya udongo huo kwenye viriba. Miti ya miombo nayo ina fangasi wa aina hiyo, na uyoga mwingi unaouzwa barabarani Iringa na Tabora wakati wa mvua ni zao lao. Ukifyeka miombo, na uyoga huo umeaga.

Wenye kiduha shambani

Mmea wenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali mizizini kuwaita fangasi. Kemikali hizo, strigolaktoni, ziligunduliwa mwaka 1966 kwa sababu ya gugu la kiduha: mbegu zake hulala ardhini miaka mingi na huamka zinapozihisi. Ilikuwa mwaka 2005 ndipo watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba wito ule ulikuwa wa fangasi. Kiduha kinadukiza tu.

Kwa hiyo shamba lenye njaa ndilo linalopiga kelele zaidi na kukiamsha. Lishe kwanza: samadi na kile kizibo cha mbolea. Kisha panda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na matete au brakiaria kuzunguka shamba. Ndiyo mbinu ya sukuma-vuta ya kituo cha utafiti cha icipe, iliyokomaa kule Mbita, Kenya. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha na kuziacha zife bila kushika mahindi, na ng'ombe wanapata majani. Desmodiamu ni ya kudumu, hivyo umetimiza na lile la mzizi wa mwaka mzima. Kiduha kilichokwisha kutokea king'oe kabla ya maua.

Ukiuziwa chupa

Madukani kuna chupa na pakiti zinazoahidi mikoriza, bakteria na maajabu mengine. Mradi wa COMPRO, ulioanza 2009, ulijaribu bidhaa za namna hii Kenya, Ethiopia na Nigeria. Rizobia wa soya walionyesha faida. Nyingi ya nyingine hazikuonyesha.

Ukitaka kununua, soma lebo. Iwe na jina la kiumbe, kwa mfano Rhizophagus irregularis, idadi ya spora kwa gramu, tarehe ya mwisho na namba ya usajili. Uliza ilihifadhiwa wapi. Pakiti iliyokaa dirishani juani iache palepale.

Kama kuna shule ya sekondari jirani, mwombe mwalimu wa baiolojia akusaidie. Mikoriza ya mahindi haionekani kwa macho, lakini tangu 1998 kuna njia ya kupaka mizizi rangi kwa wino na siki baada ya kuichemsha kwenye dawa ya kuilainisha. Chini ya hadubini nyuzi zinajitokeza. Wanafunzi watafurahia, nawe utajua kama ulichonunua kimeingia.

Bila hadubini, tumia mizani. Nunua pakiti moja ndogo. Panda mistari mitano yenye dawa na mitano isiyo nayo, mbegu moja, siku moja, mbolea sawa, rudia sehemu tatu za shamba. Weka alama kwa vijiti. Mavuno usiyachanganye: pima kila upande kivyake, kikiwa kikavu. Pande zote zikilingana, pesa ya pakiti ya pili inunulie mbegu za mbaazi.